Katriji ya Xpert Xpress CoV-2/Flu/RSV plus: inafaa wodi ya watoto?

Hospitali nyingi za mikoa na wilaya Tanzania, na za kaunti Kenya, tayari zina mashine ya GeneXpert, inayotambua vimelea kwa vinasaba vyao. Ilikuja kwa ajili ya kifua kikuu, baada ya Shirika la Afya Duniani kuidhinisha kipimo cha Xpert MTB/RIF mwishoni mwa 2010, na leo mafundi wa maabara wanaijua ndani nje. Mashine hiyohiyo, ya kampuni ya Cepheid ya California, inakubali pia katriji (kasha dogo la plastiki linalotiwa sampuli) inayotafuta virusi vinne vya njia ya hewa kwa mkupuo mmoja: cha UVIKO-19, homa ya mafua A, homa ya mafua B na RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa ya watoto wadogo hasa. Majibu yanatoka kwa takriban dakika 36. Hiyo ndiyo tunayoipitia hapa, kwa jicho la wodi ya watoto.

Hukumu yetu mapema: kama GeneXpert ipo na inafanya kazi, katriji hii inastahili kununuliwa kwa ajili ya watoto wanaolazwa, hasa walio chini ya mwaka mmoja. Kuitumia kwa kila mtoto mwenye makamasi anayefika OPD (idara ya wagonjwa wa nje) ni kumwaga fedha, kwa kuwa mtoto huyo atarudi nyumbani na ushauri uleule, apimwe asipimwe.

RSV ndiyo inayoibeba katriji hii. Utafiti wa PERCH, wa kutafuta vyanzo vya nimonia kwa watoto, uliofanyika katika nchi saba na kuihusisha Kenya kupitia Kilifi, ulichapishwa mwaka 2019. Ulikuta kwamba kwa watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia iliyoonekana kwenye picha ya kifua, RSV ndiyo iliyoongoza, ikibeba takriban asilimia 31 ya wagonjwa wote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka huohuo wa 2019 yanaweka vifo vinavyotokana na RSV kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuwa zaidi ya 100,000. Karibu nusu yao hawakuwa wamefikisha miezi sita, na zaidi ya asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kichanga wa miezi miwili anayekoroma kifuani, mbavu zikiingia ndani na hawezi kunyonya, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na RSV. Bila kipimo ataandikiwa nimonia na kulazwa jirani na mtoto wa upasuaji aliyekuwa salama.

Vipimo vya haraka vya antijeni, vile vya kadi vyenye mistari miwili, ni rahisi zaidi na havihitaji mashine. Kwa RSV kwa watoto havifanyi vibaya: uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja uliona vinakamata karibu wagonjwa 8 kati ya 10 ukivilinganisha na vipimo vya vinasaba, kwa sababu watoto hubeba virusi vingi puani. Kwa homa ya mafua vinakamata kama 6 tu kati ya 10. Kwa hiyo kadi ikisema ndiyo, iamini. Ikisema hapana, hujaondoa kitu. Kwa mtoto mgonjwa sana hapo ndipo katriji inapopata thamani yake.

Kazi yote hufanyika ndani ya katriji. Mashine huisukuma sampuli kutoka chumba kimoja hadi kingine, hutoa RNA ya virusi, huigeuza kuwa DNA na kuizidisha huku ikisoma mwanga wa rangi mbalimbali. Toleo hili la "plus" linatafuta sehemu tatu za kirusi cha UVIKO-19 (N2, E na RdRP), sehemu tatu za homa ya mafua A, mbili za homa ya mafua B, na jeni ya RSV kwa aina zote mbili, A na B. Wingi huo wa sehemu una faida kubwa: virusi hivi hubadilika, na kipimo kinachotegemea sehemu moja kinaweza kupofuka siku sehemu hiyo ikibadilika. Ila haitakwambia homa ya mafua A uliyoipata ni ya aina ndogo ya H1 au H3, wala RSV ni A au B. Kwa matibabu hilo halina uzito. Kwa ufuatiliaji wa milipuko, sampuli italazimika kwenda maabara kubwa.

Swabu ndiyo inayoamua

Mashine haiwezi kusoma kirusi ambacho hakikufika kwenye kichupa. Majibu mengi ya "hakuna" yasiyo ya kweli huanzia kitandani kwa mtoto, kwa mtu aliyegusa tundu la pua kwa haraka kwa sababu mtoto analia.

Tumia swabu nyembamba ya watoto yenye manyoya laini ya nailoni na mpini wa plastiki unaopinda. Pamba ya kawaida yenye kijiti cha mti haifai, maana kemikali za kwenye mti na baadhi ya nyuzi huzuia kipimo kufanya kazi. Kichupa kiwe na mililita 3 za kimiminika cha kusafirishia virusi. Kiandikwe jina na namba kabla ya kumgusa mtoto, kwa sababu baadaye kutakuwa na vichupa vitatu mezani na hakuna atakayekumbuka kipi ni cha nani.

Mzazi ampakate mtoto, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake. Mkono mmoja wa mzazi ufunge mikono ya mtoto, wa pili ushike paji la uso ili kichwa kisirudi nyuma. Fanya hivyo kabla ya kunyonya, si baada, maana mtoto aliyeshiba atatapika na anaweza kupaliwa. Kabla ya kuingiza, pima kwa macho umbali kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio. Huo ndio ukomo wako, na kwa kichanga utagusa ukuta wa nyuma mapema zaidi ya hapo. Swabu ipite sambamba na sakafu ya pua, ikielekea sikioni. Wengi hukosea kwa kuielekeza juu, usawa wa jicho. Huko haifiki popote, inaumiza na kutoa damu. Ukihisi ukuta laini, simama, zungusha polepole, iache sekunde chache inywe ute, kisha itoe ukiendelea kuizungusha. Ikigoma njiani usilazimishe, hamia tundu la pili.

Makamasi mazito yaliyojaa puani yafutwe au yanyonywe kwanza. Unachokitafuta ni chembe za ukuta wa pua, na ute mzito utakuja kukusumbua ndani ya mashine. Kwa mtoto aliye kwenye oksijeni, sogeza kidogo mrija upande mmoja na uache upande wa pili uendelee kumpa hewa. Muuguzi awe anatazama kipima oksijeni muda wote. Kama kiwango kinashuka, sampuli ingoje.

Swabu ya mbele ya pua nayo inakubalika kwa katriji hii na inavumilika zaidi. Kwa kichanga aliyelazwa sisi tungechagua ya nyuma ya pua, kwa kuwa kumsumbua mara moja vizuri ni heri kuliko mara mbili ovyo. Makohozi hayakubaliki. Tunalisema kwa sababu ya mazoea ya kifua kikuu.

Mazoea ya TB yanavyoharibu

Fundi aliyezoea katriji ya kifua kikuu ana desturi zake: kuchanganya makohozi na kimiminika cha kuyayeyusha, kutikisa, kungoja dakika 15, kisha kujaza mililita 2. Hapa hakuna hata moja kati ya hayo. Hakuna dawa ya kuchanganya na hakuna kungoja, na kipimo ni mikrolita 300 tu, yaani chini ya theluthi moja ya mililita. Akiweka mililita 2 atakuwa ameharibu katriji.

Pindua kichupa juu chini mara tano ili virusi vilivyoshikana na swabu vienee. Fungua mfuko wa katriji wakati sampuli iko tayari, si kabla. Tumia pipeti iliyokuja ndani ya boksi, ile yenye mapovu mawili, na hapa usifanye haraka. Bana povu la juu hadi lilale bapa kabisa, ndipo uingize ncha ndani ya kimiminika. Achia taratibu huku ncha ikiwa imezama. Kilichozidi kitaingia kwenye povu la pili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kagua kama kuna mapovu ya hewa, kisha bana tena povu la juu hadi mwisho juu ya tundu kubwa la katriji. Tone litakalobaki kwenye povu la pili liache hapohapo, usilikamue. Anayebana nusunusu hutia sampuli pungufu, kisha huja kulaumu mashine.

Funga kifuniko, skani msimbo, ingiza katriji. Usizidishe dakika 30 tangu sampuli iingie. Usibandike lebo juu ya msimbo wala usiguse kile kipande chembamba cha plastiki kinachochomoza nyuma, kwani mwanga unasomwa kupitia hapo.

Kuna kosa moja la kwenye skrini linalostahili bango ukutani. Programu hukupa uchague kipimo kamili, au UVIKO-19 na homa ya mafua pekee, au UVIKO-19 peke yake. Katriji ni ileile. Fundi akichagua chaguo fupi, RSV haitaripotiwa, na daktari anayeona karatasi bila neno RSV anaweza kudhani ilitafutwa ikakosekana. Kwa mtoto, chaguo liwe kamili kila mara.

Skrini inapogoma

Kila katriji ina kidhibiti chake cha ndani kinachothibitisha kwamba hatua zote zimekwenda sawa, na kabla ya kuanza mashine hukagua kama vitendanishi vyake vipo na vimejaa sawasawa. Neno INVALID maana yake kidhibiti hicho kimeshindwa, mara nyingi kwa sababu sampuli ina kitu kinachozuia, mathalani damu au ute mwingi. ERROR yenye namba 5007 inatokana na ule ukaguzi wa mwanzo. Angalia kiasi cha sampuli na jinsi katriji zilivyohifadhiwa. Namba 2008 ni shinikizo kupita kiasi, na kwa watoto mtuhumiwa wa kwanza ni makamasi mazito. Namba 2127 ni moduli (sehemu ya mashine inayopokea katriji moja) kupoteza mawasiliano na kompyuta, na umeme usiotulia huwa karibu. NO RESULT hutokea kipimo kikikatishwa njiani.

Katika hali zote hizo jibu halipo. Si "hakuna kirusi". Rudia kwa katriji mpya kutoka kichupa kilekile: ulitumia mililita 0.3 kati ya 3, kwa hiyo mtoto hana haja ya kuchomwa pua tena. Ndiyo maana kichupa kisitupwe hadi majibu yatoke. Kikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, ambako sampuli inadumu hadi siku 7. Lakini namba ileile ikijirudia kwenye moduli ileile kwa sampuli tofauti, acha kuchoma katriji na mwite fundi wa mashine.

Mashine yenyewe ihudumiwe: chujio la feni na vijiti vinavyosukuma ndani ya katriji visafishwe kila mwezi, na moduli zikaguliwe upimaji wake kila mwaka. Chumba kisizidi nyuzi 30. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kati ya Desemba na Machi, hiyo ni kusema kiyoyozi ni sehemu ya kipimo. Katriji huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 28, na stoo ya bati ya pwani huvuka 28 kabla ya adhuhuri. Weka kipimajoto ndani ya stoo, na kiandikwe asubuhi na mchana. UPS (betri ya akiba) iwe na uwezo wa kubeba mashine na kompyuta kwa dakika 40 angalau, vinginevyo kila umeme unapokatika katriji zote zilizo ndani zinakwenda na maji.

Jibu linamsaidia nani

Hapa tunasema kwa msisitizo, maana hapa ndipo kipimo kizuri hutumika vibaya. RSV ikionekana haimaanishi kwamba hakuna bakteria. Mtoto mwenye RSV anaweza kuwa na nimonia ya bakteria juu yake, na katriji hii haitafuti bakteria hata mmoja. Uamuzi wa antibayotiki ubaki kwa mtoto mwenyewe: idadi ya pumzi kwa dakika (50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5), mbavu kuingia ndani, oksijeni chini ya asilimia 90, kushindwa kunyonya. Hakuna mtoto mwenye dalili za hatari anayepaswa kungoja dakika 36 ndipo awekewe oksijeni.

Kinachobadilika ni vitu vingine. Kichanga mwenye bronkiolaitisi (uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni) na RSV, asiye na dalili za bakteria, daktari anapata ujasiri wa kuacha antibayotiki, steroidi na mvuke wa salbutamoli, na kuelekeza nguvu kwenye oksijeni, maji na chakula kwa mrija. Homa ya mafua kwa mtoto aliye taabani inafungua mlango wa oseltamivir, dawa ya homa ya mafua, ambayo hupimwa kwa uzito wa mtoto na hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Na muuguzi mkuu anapata jibu la swali lake la kila siku: nani alale wapi. RSV husambaa kwa mikono na kwa vitu vilivyoguswa kuliko watu wanavyodhani. Wodi isiyo na vyumba vya kutenga inaweza kuwaweka wenye RSV upande mmoja, vitanda vikiachana, kila upande ukiwa na dawa yake ya kusafishia mikono. Kwa maoni yetu faida hii ya vitanda peke yake inatosha kuhalalisha gharama msimu wa RSV unapopamba moto.

Katriji ikisema hakuna kirusi hata kimoja kati ya vinne, usimtangaze mtoto kuwa si wa kuambukiza. Vinabaki rhinovirusi, adenovirusi, parainfluenza na metapneumovirusi, na hicho cha mwisho huleta picha inayofanana sana na RSV. Aendelee kutengwa kama mwenye kikohozi chochote. Akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na uzito hauongezeki, mashine hiyohiyo ipime TB kwa katriji ya Ultra (toleo jipya la Xpert MTB/RIF), hata kwa kinyesi kama makohozi hayapatikani.

Mambo mawili madogo. Usirudie kipimo ili kuruhusu mtoto atoke. Mabaki ya RNA yanaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kupona. Na ile namba ya Ct (mizunguko ya kuzidisha iliyohitajika hadi kirusi kionekane) inayoonekana kwenye kompyuta isitumike kupima ukali wa ugonjwa, kwani inategemea sana swabu ilichukuliwaje.

Mshindani wake

Wanaouliza kuhusu BioFire, mashine ya vinasaba ya kampuni ya bioMérieux, wana hoja. Paneli yake ya RP2.1 inatafuta vimelea 22, yaani virusi 18 na bakteria 4, kifaduro kikiwemo, kwa takriban dakika 45. Kwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya rufaa, au kwa mtoto mwenye saratani, ni bora kuliko katriji hii. Lakini inahitaji mashine yake pekee, kila moduli hupokea sampuli moja kwa wakati, na mifuko yake huhifadhiwa nyuzi 15 hadi 25, masharti magumu zaidi kwa pwani. Zaidi ya hayo, majibu mengi si lazima yawe maarifa mengi. PERCH hiyohiyo ilikuta rhinovirusi kwa watoto wazima karibu sawa na kwa wagonjwa. Karatasi ikisema "rhinovirusi ipo", daktari wa wilaya hajui kama amepata chanzo au mpita njia. Virusi vinne vyenye maana vinatosha ngazi hiyo.

Kuhusu ununuzi

Mashine ni ya wote, na TB ina haki ya kwanza. Kipimo kimoja cha Ultra kinashika moduli karibu dakika 80, sawa na vipimo viwili vya katriji hii. Kwenye mashine ya moduli nne, panga moduli moja iwe ya wodi ya watoto katika miezi ya RSV na irudi TB baada ya hapo. Makubaliano hayo yaandikwe na mratibu wa TB akiwepo, kwa kuwa mara nyingi mradi wake ndio unaolipia matengenezo.

Bei nafuu ya TB, dola 7.97 kwa katriji tangu 2023, haiihusu katriji hii. Omba bei kwa maandishi ikiwa na usafiri na ushuru ndani yake, na udai tarehe ya kuisha muda itajwe kwenye hati kabla ya kulipa. Boksi lina katriji 10. Hesabu kwa vitanda: chukua wastani wa watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaolazwa kwa shida ya kupumua kila wiki, zidisha kwa wiki za msimu, ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya marudio. Swabu za watoto na vichupa vya kimiminika haviji ndani ya boksi, kwa hiyo viagizwe kwa hesabu hiyohiyo, tena mapema. Na ziandaliwe njia za kuziteketeza katriji zilizotumika: zina kemikali ya guanidini, hivyo zisiloweshwe kwenye jiki wala dawa yoyote ya klorini, maana hutoa gesi ya sumu. Ziende kwenye kichomeo cha joto kali pamoja na taka nyingine za maabara.